Watu Kumi na Wawili wa Kitgum

Jumatatu, 10 Machi 2025
Miezi kumi na minne tangu nitoke Kitgum. Binti yangu Atoo kazaliwa nikiwa huku kiwandani Luzira, nabeba katoni za sabuni. Sasa anatembea. Nimemwona kwenye simu tu, nusu ya uso.

Nimeomba likizo mara ya nne. Meneja kasema likizo ya kwenda nyumbani ni ya mafundi wa ng'ambo, kwa sababu kwao ni mbali. Nikamwambia Kitgum nako ni mbali. Akasema Kitgum ni Uganda. Hilo nilikuwa nalijua.

Jumanne, 11 Machi
Bahati! Kaja mwalimu kutoka mjini, Bi Loice, kutufundisha usawa wa rangi kazini. Mafundi wa ng'ambo mbele, kwenye viti. Sisi wapakiaji nyuma, juu ya katoni. Akauliza kama tunaona tofauti yoyote hapa. Swaibu, mpakiaji mwenzangu, akajibu kwamba sote ni ndugu. Huyo kwao Kawempe, kila jioni anakula kwa mama yake. Watu wa Kawempe ndivyo walivyo, wote.

Kuna sanduku la malalamiko. Huandiki jina. Bi Loice anasema lalamiko la wengi lazima lijibiwe.

La wengi. Hapo nikapata akili.

Jumatano, 12 Machi
Nimeandika karatasi kumi na mbili, saa ya chakula, nyuma ya choo. Nne kwa mkono wa kulia, nne kwa wa kushoto, nne nimesimama. Moja nimejiita Mama Mwenye Uchungu. Zote zinasema huu ni ubaguzi: wageni wanakwenda kwao, sisi hatuendi. Tunaomba kwenda Kitgum.

Niliishia darasa la sita. Ningemaliza, sijui ningekuwa nani.

Alhamisi, 13 Machi
Bi Loice kazisoma mbele ya wote. Ya tatu, wapakiaji wakaanza kunigeukia. Ya nane, hata mpishi. Kiwanda kizima, wa Kitgum ni mimi peke yangu. Sikulifikiria.

Swaibu akainua mkono. "Mzee Olal, tusalimie hao wenzako kumi na mmoja."

Walicheka mpaka wakalala kwenye katoni. Bi Loice hakucheka. Alisema hata angekuwa mtu mmoja, lalamiko lake ni la haki. Meneja naye hakucheka. Aliandika.

Jumatatu, 17 Machi
Jibu limebandikwa ukutani. Kampuni inakiri kulikuwa na ubaguzi. Kuanzia leo wafanyakazi wote ni sawa. Likizo ya kwenda nyumbani imefutwa kwa wote.

Nimesoma mara tatu. Bado imefutwa.

Mchana fundi mkuu wa mitambo, mtu wa ng'ambo, alikuja kukaa kwenye katoni yangu. Hajawahi. Akasema ana mtoto wa miaka saba anayehesabu siku. Akaniuliza wangu. Nikasema wangu hanijui. Tukakaa pale, wawili, kama watu wa msiba mmoja.

"Olal, nani aliandika zile karatasi?"

Nikasema ni watu wa Kawempe.

Jumanne, 18 Machi
Bi Loice anarudi Ijumaa, na sanduku lake. Nimenunua daftari na kalamu za rangi tatu. Safari hii karatasi thelathini: watu wa Arua, wa Mbale, wa Kabale, hata mafundi wawili wa ng'ambo. Wote wanaomba kwenda Kitgum.

Nimempigia mke wangu, Anena. Nimemwambia amzoeze mtoto kuniita baba, Pasaka niko mlangoni. Kauliza Pasaka ya mwaka gani. Nimemwambia hii hii, tarehe ishirini Aprili, kabla ya misa.