Masizi ya Kihistoria ya San Lázaro del Horno

Wananchi wote wa San Lázaro del Horno wanatangaziwa kwamba masizi yao yamepandishwa cheo. Si uchafu tena. Ni Urithi wa Kihistoria wa Viwanda vya Meksiko, na yeyote atakayeyaosha, kuyakwangua au kuyapaka rangi atatozwa faini.

Uamuzi huu ni wa busara sana. Miaka yote tuliyolalamikia moshi wa kiwanda cha chuma, manispaa ilitujibu kwamba ule ni mvuke tu na masizi hayapo. Sasa yapo, tena yana mkurugenzi wake.

Habari zilinikuta Ijumaa nikiwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Marehemu mke wangu, Hortensia, aliusugua ukuta wetu wa mbele mpaka kifua kikamshinda. Kule hospitali, akihema kama mvukuto, aliniomba jambo moja tu: siku ya misa ya kutimiza mwaka wa kifo chake, watu wakija kula tamale za mahindi, waukute ukuta ni wa bluu. Misa yenyewe Jumapili.

"Shuka, don Fermín," alisema Baltazar Urdiales, Mkurugenzi wa Urithi, kijana aliyesoma mpaka shingo ikakakamaa. "Ukuta huo unabeba jasho la mfanyakazi."

"Jasho langu nalijua, Mkurugenzi. Hayo ni masizi."

"Ni tabaka la kumbukumbu."

"Basi mapafu ya mke wangu yalikuwa jumba la makumbusho, nanyi mkaacha azikwe bila hata kukata utepe!"

Akaniambia hoja yangu imepokelewa. Kisha akaizungushia ndoo yangu ya rangi mkanda wa manispaa, akamwacha askari Gumaro ailinde. Gumaro mwenyewe ni mtoto wa jirani yangu, doña Nicanora. Alilinda ile ndoo akila maharage yangu.

Jumamosi Meya alikuja kuyazindua masizi. Alivaa nyeupe tupu, kofia hadi viatu, akasimama na kipaza sauti mbele ya ukuta wangu, maana ndio ulioongoza kwa weusi. Akaeleza jinsi serikali yake ilivyotuletea historia hadi mlangoni.

Ndipo king'ora cha kiwanda kikalia. Kwetu kile kina maana moja tu: wanakwenda kupuliza bomba la tanuru, na masizi yatamwagika. Anua nguo, funga dirisha, ingia ndani. Mtaa mzima ukainuka kwenye viti kwa mpigo mmoja. Meya akadhani tumesimama kwa heshima, na kiwanda kinampigia saluti. Akavua kofia, akatoa kifua, akafumba macho.

"Jamani, si tumwambie?" mtu alinong'ona tukijisukumia ndani mlangoni kwangu.

"Hebu nyamaza wewe," alisema doña Nicanora. "Mimi nilipoanika shuka za harusi ya binti yangu, nani alikuja kuniambia?"

Urithi ukashuka, tena kwa ukarimu. Tulipotoka, hukujua ukuta unaishia wapi na Meya anaanzia wapi.

"Maji!" akafoka.

Gumaro akapiga saluti. "Samahani, Mheshimiwa. Kuosha ni faini."

"Basi leta gari niondoke!"

"Kuhamisha urithi kunahitaji kibali cha Mkurugenzi."

Wote tukamgeukia Urdiales. "Kibali kinachukua miezi sita, Mheshimiwa. Lazima kamati ikae."

"Njoo ukae kivulini, mwanangu," doña Nicanora akamwambia Meya kwa huruma. "Chakula utapata, na watalii wa kukutazama hawatakosekana. Ila usijikune, utaharibu kumbukumbu."

Meya akakinyakua kipaza sauti. "Huu ni uchafu!" Sauti ikafika hadi sokoni. "Uchafu wa kiwanda! Unawasha, unaziba pua, mtu hawezi hata kupumua! Amri yote naifuta, sasa hivi!"

Hakuna aliyepiga makofi. Neno hilo tulilingoja kwa muda mrefu mno, na aliyelingoja kuliko sisi sote hakuwepo.

Nikaingia ndani, nikatoka na maji na sabuni. Meya akanyoosha mikono yote miwili, akinishukuru kabla hata sijamfikia.

"Taratibu, Mheshimiwa," nikamwambia. "Kesho nina wageni." Nikamtia brashi ya kusugulia mkononi. "Anza na ukuta."