Mita Mia Sita Hadi kwa Auleria

Jumatatu, 7 Julai 1997. Ihanda.

Kazi! Nimepata kazi! Bwana Anastazi, mpima ardhi wa mradi wa maji, kanichukua nimshikie fimbo. Fimbo ina kioo juu. Yeye ana mashine ya leza yenye miguu mitatu. Kamba hana habari nayo. Mashine inatuma mwanga, mwanga unagonga kioo, unarudi. Mwendo wa mwanga unajulikana, kwa hiyo mashine inaangalia muda wa kwenda na kurudi, inapiga hesabu, inagawa kwa mbili. Umbali ndio huo. Nikauliza inatumika wapi kwingine. Akasema barabarani, kwenye madaraja, kwenye machimbo. Hata mwezini kuna vioo vilivyoachwa, mwanga unatumwa kutoka huku na kurudi.

Mwezi unapimwa! Sembuse kwa Auleria, ng'ambo ya bonde tu?

Leo nimemwona akianika kahawa. Kanga ya manjano. Moyo umeniuma mchana kutwa.

Jumanne, 8 Julai

Baba mdogo Byabato, mshenga wangu, karudi kutoka kwa Mzee Rwezaura, baba yake Auleria. Rubisi yangu, pombe safi ya ndizi, imenywewa yote. Jibu hakuna. Mzee anasema binti yake ataolewa karibu, ili mama yake akiugua afike upesi. Na eti Kashaija yuko karibu kuliko mimi. Kashaija! Mwenye baiskeli isiyo na breki! Anakaa kilima kile kile cha kina Auleria, upande wa nyuma. Kwa miguu, kweli, mimi nalizunguka bonde lote na mafunjo yake. Lakini mwanga hauzunguki! Nimemrudisha baba mdogo akaseme kwamba mtaalamu atapima. Mzee kakubali, tena kwa hamu. Hajawahi kuiona mashine.

Jumatano, 9 Julai

Aibu. Bwana Anastazi kakubali kuweka mashine uani kwangu, maana ni mahali pa wazi. Mimi nikazunguka bonde na fimbo. Nilitaka na mkungu wa ndizi nimpelekee mzee, fimbo ikawa nzito, nikaificha njiani. Kioo ni kioo, nikasema. Nikasimama kwa Mzee Rwezaura nimeinua kioo changu cha kunyolea, hakinitoki mfukoni.

Mashine kimya. Bwana Anastazi alipiga kelele mpaka ng'ombe wakageuka. Baadaye kanieleza: kioo cha kunyolea kinatupa mwanga popote kinapoelekea, ukikipinda kidogo tu umekwenda zake. Kile cha kwenye fimbo kimekatwa pembe kwa ndani, hata ukikishika upande, mwanga unarudi ulikotoka. Mkungu mzee kaupokea.

Alhamisi, 10 Julai

Moshi. Watu wanachoma nyasi. Mashine haioni ng'ambo, mimi pia sioni. Siku nzima bila Auleria. Sijui wanaume wanaopenda watu wa mbali kule Mabira wanaishije.

Ijumaa, 11 Julai

Ushindi! Mita mia sita na kumi na mbili! Nilisimama uani kwao na fimbo halisi, wima kama askari. Auleria alikuwa pale pale, amebeba ungo. Sikumtazama. Fimbo ikiyumba kipimo kinaharibika.

Kisha mashine ikahamishiwa kwa Kashaija, mimi nikabaki pale pale na fimbo. Mashine haikupata kitu, kilima kimemziba! Nikamwambia Mzee Rwezaura mbele ya jirani zake: hata mashine haimwoni huyu mtu! Lakini mwanga unatoka mlangoni kwangu mpaka jikoni kwa mama, hakuna hata jani la mgomba katikati. Mama Kokwijuka, mke wa mzee, akaacha kumenya ndizi, akaingia ndani. Nadhani alikwenda kulia kwa furaha.

Jumamosi, 12 Julai

Hakulia kwa furaha. Baba mdogo kaja, kakaa, kanywa maji mara mbili kabla ya kusema. Mama Kokwijuka amekataa. Anasema mkwe hapaswi kumwona mama mkwe wake, na akikutana naye njiani anapisha porini. Sasa huyu Kamugisha, ndiye mimi, anamwona kutoka mlangoni kwake, asubuhi hadi jioni, na ameleta mtaalamu kuthibitisha! Yeye ataoga wapi? Ataanika wapi nguo zake? Bora Kashaija. Hata mashine haimwoni.

Maneno yangu mwenyewe! Sikula.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa Auleria kanisimamisha. Nilidhani ananipa pole. Akasema miaka yote ananiona nimesimama migombani nikitazama kwao, na kila mara akafikiri leo atakuja. Nimetuma baba mdogo, nimetuma rubisi, nimetuma mpaka mwanga. Mimi mwenyewe sijawahi kuvuka bonde kumsalimia. Ijumaa nilifika, nikasalimia fimbo. Kashaija huja jioni wakageuza kahawa pamoja. Akasema mama yake anabembelezeka, angeweza kumbembeleza. Lakini ambembeleze kwa ajili ya nani?

Nikarudi nyumbani kufikiri. Nampenda mno.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata jibu! Mikaratusi! Nitapanda safu nzima mbele ya nyumba. Ikikua itaziba, mama mkwe hataonekana. Bwana Anastazi nimemwomba arudi wakati huo na mashine. Mwanga ukishindwa kupita, ushahidi huo, nani atabisha? Akaniuliza kwa nini nisiende tu leo nikaongee na msichana. Wasomi wengine!

Miaka mitano tu. Labda sita.

Nimechimba tangu alfajiri. Saa tatu hivi Auleria alitoka uani, akasimama muda mrefu ameelekea huku. Nadhani alinipungia mkono. Sikuweza kujibu, nilikuwa nimeshika jembe.