Risasi Mvunguni

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa maabara katangaza. Matope ya mikoko nyuma ya kiwanda cha zamani cha betri yamejaa risasi, zebaki, kila metali nzito, na humo humo vijidudu vinaishi raha mustarehe! Atakayeleta bakteria wanaostahimili risasi kuliko wote ndiye atakayewaeleza wageni watakaotembelea maabara Ijumaa na kuongoza utafiti. Nitakuwa mimi! Mpinzani ni mmoja tu: shemeji, kaka wa mke wangu. Mama yao anaishi kwangu, anakula kwangu, anamsifu yeye.

Jumanne, 4 Juni
Mikokoni. Nikamwambia shemeji matope mazuri yako kule, nikakimbilia huku. Nikazama hadi kiunoni. Shemeji akanivuta, machozi ya kicheko yakimtoka. Kiatu kimoja kimebaki. Lakini matope nimepata! Meusi tii, yananuka mayai viza. Harufu ya ushindi.

Jumatano, 5 Juni
Wazo! Bakteria ni kama watoto: wanataka shibe na joto. Nimewatorosha maabara, nikawalisha sukari, nikakaza kifuniko cha chupa kwa nguvu zote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, nikawasukuma chini ya kitanda. Mke akauliza kuna nini huko. Nikamjibu, "Risasi kidogo tu, mpenzi."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Mbio kwa jirani, polisi mstaafu! Jirani kaja na rungu. Nikaeleza hadi koo likakauka kwamba kuna risasi ya bunduki na risasi ya betri. Mama mkwe akasema mwanawe wa kiume hajawahi kumletea hata moja kati ya hizo.

Alhamisi, 6 Juni
Bum! Alfajiri. Gesi imepasua chupa. Matope mpaka darini! Jirani karudi na rungu lake. Mke kavaa glavu, kasafisha chumba kizima, kisha akasema: wadudu hao warudi kazini, la sivyo nihame nao. Nimeokoa kijiko kimoja cha matope, nikakiotesha kwenye kisahani cha maabara.

Ijumaa, 7 Juni
Kisahani changu kimefurika uhai! Weupe, wanene! Sikungoja mshindi atajwe: nikawaeleza wageni kwa madaha, wakapiga makofi. Mkuu akainamia hadubini. Akauliza kijiko nilikitoa wapi. Jikoni, nikasema. Akasema hii ni hamira.

Shemeji kashinda. Matope yake, akaeleza, aliyachota kwenye shimo nililozama mimi. Hakuna aliyewahi kufika kina kile. Akaniombea niwe msaidizi wake. Moyo ulitaka kulainika. Nikaukemea.

Jumamosi, 8 Juni
Jana, wageni wakiondoka, nilimnong'oneza bibi mmoja mwenye kofia kwamba ninaye bakteria anayekula shaba. Atarudi Jumatatu kumwona. Bakteria huyo sina. Lakini mama mkwe ana sinia kubwa la shaba, zawadi ya harusi yake. Ukiwaandalia bakteria chakula, si watakuja wenyewe? Asubuhi nimelizika matopeni, mahali pazuri sana. Kisha maji yakajaa. Mahali penyewe sipajui tena.

Mama mkwe anauliza nani kaliona sinia lake. Nimemwambia amwulize mwanawe.