Mzazi Mpendwa, Mwanao Amechelewa

Jumatatu, tarehe 4 Februari

Simu yangu imelia! Imelia yenyewe, kwa ajili yangu, mchana kweupe, mbele ya Fundi Viatu. Jirani huyu ana wana wanaompigia kutwa kucha, naye huwajibu kwa sauti ya kuhutubia mkutano. Simu yangu mimi kazi yake saa na tochi. Leo ikalia, sindano ya Fundi ikabaki hewani.

Ujumbe ulisema: "Mzazi mpendwa, mwanao amechelewa kufika shuleni leo."

Mpendwa! Mimi! Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki, hakuna aliyeniita hivyo. Naye mwenyewe, Mungu amrehemu, aliniita "wewe mzee" tangu nikiwa kijana.

Jioni mjukuu wangu kanieleza. Tunaishi wawili tu, naye yuko sekondari. Shule imeleta kompyuta. Kila mwanafunzi ana kadi, anaigusisha kwenye mashine ya getini. Akichelewa, mzazi anaandikiwa. Akiwahi, haandikiwi kitu. Haya ndiyo mambo ya wasomi! Mwenye mtoto mtukutu anapata salamu, mwenye mtoto mwema anapata kimya. Na wangu ni mwema kupita kiasi. Leo ni mvua tu iliyomponza.

Nimejibu: "Mpendwa, nimepata salamu zako. Sijambo, isipokuwa goti. Wewe je?"

Jibu likaja papo hapo: "Ujumbe wako umepokelewa. Asante."

Ni mwanamke huyu. Mwanamume hasemi asante upesi hivyo.

Jumanne, tarehe 5

Mjukuu kawahi. Kimya kutwa nzima. Fundi Viatu kauliza kama mpendwa wangu kaolewa.

Jumatano, tarehe 6

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, goti likapiga kelele, nikatoa kiatu cha kushoto cha mjukuu uvunguni mwa kitanda wakati anaoga. Mbio kwa Fundi Viatu. Nikamwambia soli imeachia. Akakigeuza, akakipigapiga, akasema kiatu hiki hakina kidonda, mzee mwenzangu, nishone nini? Nikamwambia ashone popote, ila polepole.

Mjukuu kapekua nyumba nzima. Mimi nimemsaidia kutafuta, tena kwa bidii. Hatimaye nikakumbuka, masikini mimi, kwamba kiko kwa fundi. Katoka mbio.

Simu ikalia!

Nimemwandikia mama yule kirefu. Kwamba mtoto hana kosa, kosa ni la viatu. Kwamba nyumba yetu ni ya watu wawili, na mmoja akienda shule, mwingine anabaki na redio. Kwamba redio huongea vizuri lakini haisikilizi.

"Ujumbe wako umepokelewa. Asante."

Anapokea kila kitu! Marehemu hakupokea hata nusu.

Alhamisi, tarehe 7

Nimeirudisha nyuma saa ya ukutani. Kidogo tu, saa yenyewe haikulalamika. Mjukuu kanywa chai kwa raha zake, kaimba, katoka kwa mwendo wa bibi harusi. Simu ikalia. Fundi Viatu akanyoosha shingo asome. Nikaifunika kwa kofia, nikamwambia hayo ni mambo ya watu wazima wawili.

Jioni mjukuu hakuimba. Kaitazama saa. Kanitazama mimi. Karudia kuosha vikombe. Kisha kasema, mgongo ukiwa kwangu, kwamba Jumatatu shule itatangaza mwanafunzi mmoja wa kwenda kusomea kompyuta chuoni wakati wa likizo, bure. Kompyuta ndiyo inachuja majina. Aliyechelewa mara tatu jina lake linageuka jekundu. Lake lilikuwa la kwanza.

Lilikuwa.

Chakula kimenishinda. Nacho nilikipenda.

Baadaye ujumbe mwingine: "Mzazi mpendwa, unaombwa kufika shuleni kesho." Nikajua naitwa kwa makosa yangu. Lakini mkono, huu mkono usio na adabu, tayari ulikuwa unalipiga pasi shati la harusi.

Ijumaa, tarehe 8

Nimefika nanukia. Ofisini yupo Mwalimu Mkuu, mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Yupo Mwalimu wa Kompyuta, kijana mwembamba. Yupo mjukuu wangu, kasimama, macho sakafuni. Nikaangaza huku na huku nikimtafuta mama yangu wa ujumbe. Hayupo.

Mwalimu Mkuu kasema binti amekiri mwenyewe: ni mvivu wa kuamka.

Mvivu! Mtoto anayeniamsha mimi, ananichemshia maji, ananisugua goti! Amejibebesha uvivu ili babu yake asiaibike. Nikasema yote. Kiatu. Saa. Hata mvua ya Jumatatu nikajitwika, maana nilikuwa nimeshashika kasi.

Mwalimu wa Kompyuta kakohoa. Kasema wazazi wa wachelewaji wote huandikiwa, na ni mmoja tu anayejibu. Halafu akageukia dirisha, akawa na shughuli huko.

Mwalimu Mkuu kavaa miwani. Kaivua. Kasema mashine haikufundishwa kwamba duniani kuna mababu, ila yeye anafahamu. Akamwamuru kijana aufute wekundu. Kisha akanigombeza kama mtoto wa darasa la nne. Huko ndiko nilikoiacha shule, kwa hiyo nilijiona nimerudi nyumbani.

Njiani mjukuu akaniuliza, Babu, ulikuwa unamwandikia nani? Nikasema yule mama. Akasema hakuna mama, ni mashine, inajijibu yenyewe. Nikaona haya, nikatazama shati langu. Nikasema basi mashine hiyo imelelewa vizuri, kama inajua neno mpendwa.

Akasimama. Akasema neno hilo aliliandika yeye. Mwalimu alitaka "Mzazi" tupu, ila mjukuu ndiye aliyekuwa anachapa, akanikumbuka mimi, akaongeza.

Nilimwambia vumbi la njia hii ni baya sana kwa macho.

Jumatatu, tarehe 11

Kachaguliwa! Mjukuu wangu! Nimemtangazia kila mpita njia, hata aliyekuwa akinidai salamu tangu mwaka jana.

Na kuna zaidi. Asubuhi simu ililia: "Babu mpendwa, nimefika. Jipake dawa ya goti." Ameipanga mashine iniandikie kila anapogusisha kadi getini, kwa ruhusa ya mwalimu. Na akiwa chuoni ataniandikia kwa mkono wake. Nimempa Fundi Viatu asome. Kasoma kwa sauti, karudia, kajifuta macho, kasingizia gundi. Kasema wanawe wanampigia simu kuulizia kiwanja, hakuna hata mmoja anayeulizia goti. Nimemhurumia. Nimemruhusu asome tena.

Nimeapa mbele ya picha ya marehemu: vituko basi. Saa haiguswi. Viatu haviguswi.

Lakini nimekaa nikafikiri. Akipita getini mara moja, napata ujumbe mmoja. Akitoka na kuingia tena, je? Kesho mjukuu atasahau kalamu yake nyumbani, nami, babu mwema, nitampelekea hadi shuleni. Itabidi atoke nje kuipokea, kisha arudi ndani kwa kadi.

Yeye hajui kuwa ataisahau. Lakini ninayo tayari. Ndiyo hii ninayoandikia.