Mama Mkwe, Ubongo Wangu Unadai Mafuta

Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia ingawa kati yetu kuna ukuta mmoja tu, kwa sababu ana kwa ana ulimi wangu huwa mzito. Daktari alipokuta lehemu, yaani kolesteroli, imenizidi mwilini, wewe, muuguzi mstaafu, ulifunga safari kuja kuniokoa. Nashukuru. Hata hivyo, nina malalamiko:

1. Siku ya kwanza ulimwaga mafuta yote ya kupikia kwenye sinki. Bomba likaziba. Nililizibua mwenyewe.

2. Tangu hapo tunakula vya kuchemsha tu. Yai lenyewe huchemshwa hadi kiini kinageuka kijani.

3. Kazi yangu maabara, kama ujuavyo, ni kutunza vipokezi vya ubongo, zile protini zinazopokea ujumbe kwenye utando wa seli. Utando huo sehemu kubwa ni mafuta. Jumatatu nilivitoa vipokezi humo kwa sabuni. Kufika adhuhuri vilikuwa vimekunjuka na kushikana mabonge, havifai kitu. Vingine nilivirudishia utando wenye lehemu. Hadi Ijumaa vilikuwa imara, vinachapa kazi kama viko kwao. Nilivionea wivu.

4. Jumanne nilimwita mkuu wa maabara "mama" mbele ya wageni. Jumatano nilimfuata mwanangu shuleni nikarudi na mkoba wake tu. Mwenyewe aliletwa na mwalimu. Ushahidi gani tena? Vipokezi vyangu vimeanza kukunjuka na, niwie radhi, sabuni ni wewe.

5. Nilipoyaeleza haya mezani ulinijibu kwa upole, "Kula, baba. Ubongo wako haumo kwenye sufuria yangu." Mke wangu alicheka hadi akahama meza.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, viazi vya kukaanga mara tatu kwa wiki, kwa faida ya sayansi. Ukimpigia simu baba mkwe, msalimie, pamoja na shangazi na wote wanaoniulizia.

Mkweo mtiifu,
Baba wa mjukuu wako

N.B. Kabla sijaipenyeza barua hii chini ya mlango wako, binti yako, mwalimu wa baiolojia, ameisoma. Anasema ubongo hujitengenezea lehemu yake wenyewe, hausubiri ya sahani. Nimemuuliza mkuu wa maabara, ni kweli. Binti yako ananikumbusha pia kuwa miaka minne iliyopita nilimsahau yeye sokoni, nikiwa nimeshiba viazi hivyohivyo. Tena majibu ya kipimo yametoka leo: lehemu imeshuka, na ghorofa tatu nimezipanda bila kushika ukuta. Nasikia unafunga mizigo uondoke Jumamosi. Tafadhali, Mama, usiondoke.