Tumpe na Mashine ya Kifuani

Jumatatu, 9 Juni 2008

Aibu tupu. Jana baada ya ibada ya Kiswahili nilikimbilia hotpoti la Tumpe, nimbebee hadi kwenye gari kabla ya Mudrick, mwenzangu wa kwaya. Sikufika. Mashine niliyopandikizwa kifuani iliona moyo unakwenda mbio, ikadhani nakufa, ikanipiga shoti. Nikaanguka katikati ya maegesho. Mudrick akabeba hotpoti kwanza, mimi akarudi kuniokota baadaye.

Tumpe ni mjane wa Tukuyu, anauguza wazee huku ughaibuni, Coon Rapids. Nampenda tangu ile theluji ya Januari, aliponifunga skafu bila kuniuliza. Skafu sijaifua mpaka leo. Ananiita kaka Isack. Hiyo "kaka" inaniumiza kuliko shoti.

Jumamosi ni send-off ya Serah, binti wa kanisani kwetu anayeolewa. Lazima nicheze na Tumpe. Mudrick ameshanunua suti.

Jumatano, 11 Juni

Nimetoroka kazini Golden Valley, nikaenda kliniki. Mpango: kumwambia nesi Lois kwamba najiandaa kwa marathoni, wanipandishie kiwango. Kwa sasa moyo ukizidi mapigo 170 kwa dakika, napigwa.

Lois akaweka kifaa chake juu ya kifua changu, mashine ikamsimulia kila kitu. Mbea mkubwa! Wiki nzima moyo wangu unajikongoja, isipokuwa Jumapili mchana. Akauliza Jumapili mchana kuna nini. Nikasema mapambio.

Daktari amekubali kupandisha kidogo. Tena mashine itaanza kwa kuubembeleza moyo kwa mishtuko midogo isiyouma. Ukikataa, ndipo shoti. Ila nimeze vidonge vya kutuliza moyo kila siku, bila kuruka. Vidonge vyenyewe vinaleta usingizi. Nani amewahi kuposa huku anapiga miayo?

Jumamosi, 14 Juni

Sikumeza. Ukumbini Roseville, MC akatangaza zawadi, kila mtu apeleke yake huku anacheza. Nikaingia kwenye mstari, boksi la blenda kichwani, Tumpe mbele yangu, Mudrick nyuma. Tumpe akageuka, akanishika mkono. Basi, moyo ukachachamaa. Nikasikia mashine inaubembeleza. Nikaubembeleza na mimi. Wapi! Shoti. Tumpe mwenyewe anasema kiganja kilimwasha. Blenda ikatua kwenye mguu wa Mudrick. Angalau.

Kwenye gari la wagonjwa Tumpe hakuniachia mkono. Akasema marehemu mumewe alianguka hivi hivi Tukuyu, naye hakuwa na mashine. Akasema hana nguvu za kuzika mwingine. Nikimeza vidonge atakuja kunipikia. Akasema, umesikia Isack? Isack tu, bila kaka. Nikalia, nikasingizia vumbi.

Jumapili, 22 Juni

Nimemeza wiki nzima. Tumpe amekuja na makande. Tumekaa kwenye kochi bega kwa bega hadi jioni. Akaniambia Mudrick alishaleta maneno yake, na jibu alilompa ni hapana. Halafu akaegemea bega langu.

Ndicho nilichokiota tangu ile skafu. Nikajishika kifua kwa siri. Moyo umetulia, unatembea taratibu, hauna habari kabisa. Nikaingiwa na hofu. Isije ikawa nimeacha kumpenda.

Anarudi Jumapili ijayo. Asubuhi hiyo sitameza. Mara moja tu, nihakikishe.