Kadi Yangu Kwenye Fungu la Tatu

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbukia kijijini kwetu, juu ya jamvi, mbele ya mjomba.

Mjomba wangu Mkude ndiye aliyesema, siku naondoka Uluguru na sanduku la bati, "Huyu akasome takwimu? Akihesabu mikungu ya ndizi ya mama yake, mmoja unazidi!" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Haya. Nikaenda Dar, nikasoma, nikarudi na stashahada. (Imo kwenye fremu. Ukifungua mlango tu, unaiona.) Nikajenga nyumba ya matofali, bati jipya, sakafu ya saruji. Nina redio ya kaseti mbili. Siku hizi za ruksa kila kitu kipo dukani, uwe nazo tu. Na mimi ninazo!

Juzi watafiti wa umaskini wakanichukua niwe karani wao. Leo ilikuwa zamu ya kijiji chetu. Kila kaya inaandikiwa kadi, halafu wanakijiji wenyewe wanazipanga mafungu matatu: wanaoishi vizuri, wa katikati, na wanaoishi kwa shida. Maana ya kuishi vizuri wanaijua wao. Karani kazi yake kusoma majina na kufunga mdomo.

Nami nikaiandika kadi yangu, nikaichomeka kati ya zile nyingine. (Hairuhusiwi? Sikuuliza.) Nilitaka jambo moja tu: mjomba aseme kwa kinywa chake kwamba mimi ni fungu la kwanza.

Wapangaji walikuwa watano. Mjomba katikati, na pembeni yake Bi Zena, jirani yetu wa siku zote, anapukuchua maharage kwenye ungo. Nilipoiona mikono yake nikakumbuka miaka ile ya foleni, bidhaa adimu. Mche mmoja wa sabuni, Bi Zena anaukata kwa uzi, nyumba nne zinafulia. Kipande chetu kilikuwa kikubwa kidogo kuliko cha kwake. Nilikuwa nimesahau hilo.

Kadi zikaenda. Ikafika yangu. Nikasoma kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye adabu zake.

"La tatu," akasema Bi Zena.

Nikakohoa. "Bibi, labda hukusikia vizuri. Ni mimi."

"Nimekusikia, mjukuu wangu. La tatu."

"Nyumba ile ya bati!"

"Bati naliona. Moshi wa jikoni ndio siuoni."

"Nina jiko la mafuta, bibi!"

Dokta, yule mama mkuu wa utafiti, akaacha kuandika. "Karani, hatubishani na wanakijiji."

"Sibishani, dokta. Nafafanua."

Mjomba akanyoosha mkono. Moyo ukatulia. Mjomba hawezi kunitupa!

"Mpwa wangu, upepo ulipoezua choo chako, nani alikuja?"

"Nilimlipa fundi."

"Ulipougua homa ile, nani alikupeleka zahanati?"

"Nilikwenda... mwenyewe."

"Andika, mwanangu," mjomba akamwambia dokta. "La tatu."

Watu wazima watano, hakuna hata mmoja aliyepinga! Dokta akauliza sababu. (Utafiti bwana, lazima wachimbe.)

"Huyu tulimkopesha ada nyumba kumi na moja," akasema Bi Zena. "Kila likizo alikuwa anatupitia. 'Shikamoo bibi, nivumilie kidogo.' Anakaa, anakula, anatuchekesha. Siku aliyotulipa ndiyo siku ya mwisho kukanyaga kwangu."

Dokta akauliza tena: na wa fungu la tatu, kijiji huwasaidiaje? Bi Zena akainuka na ungo wake. Alininyang'anya kofia kichwani, akamimina maharage ndani, akanirudishia. "Haya. Mkopo huo." Mjomba alilala chali kwa kicheko. Dokta naye alijificha nyuma ya daftari, mabega yanatikisika.

Maharage yanamaliza mafuta ya taa. Kwa hiyo jioni hii nimekwenda kwa jirani mwingine kuomba kuni, nikapanga mafiga nje, moshi ukapanda. Haukupita muda, sauti ya Bi Zena hiyo hapo: "Hodi! Umetia chumvi?"

Amekaa hapa sasa, anakoroga sufuria yangu. Nami nawaza ile siku ninayowasimulieni kila mara kwa majigambo. Bahasha kumi na moja, majina kwa herufi kubwa, wote nikawalipa asubuhi moja. Bi Zena alikuwa ameinjika chai ya mdalasini. Aliniwekea kigoda. Nikamkabidhi bahasha nikiwa nimesimama, nikamwambia nina haraka.

Haraka ya kwenda wapi? Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki.

Jamani, msinicheke. Na maharage haya, mkisikia nimeyalipa, mjue nimeyalipa taratibu sana.